Isabgol ya pale Ngara, miezi minne baadaye: inasaidia kweli, lakini maji ndio nusu ya dawa

Hii ni rivyu ya isabgol, maganda ya mbegu ya kulainisha choo. Wacha nianze na shida yenyewe ju najua wengi wetu tunaona aibu kuisema. Choo ngumu. Nimekaa nayo karibu miaka mitatu na sikuwa nimeambia mtu hata mmoja, hata dada yangu tunayeongea kila siku hakuwa anajua. Kazi yangu ni ya keshia kwa duka la jumla huku Industrial Area, naketi kutoka saa mbili asubuhi hadi saa moja jioni, naishi Umoja, sasa ukiongeza jam ya Jogoo Road kwenda na kurudi unapata mtu ambaye yuko kwa kiti masaa kumi na tatu kwa siku. Asubuhi nilikuwa sikunywi maji kabisa maana ukikunywa maji saa kumi na mbili haja inakushika katikati ya jam na matatu haiwezi kukusimamia. Kazini choo ni kimoja, kiko nyuma ya stoo, na ndio uende lazima upate mtu wa kukushikia kaunta, kwa hivyo unajizuia, na ukijizuia leo na kesho mwili unazoea kujizuia. Mchana ni chapo na supu kwa kibanda, jioni ugali wa unga ya grade one na mayai. Nilifika mahali naenda choo mara mbili kwa wiki, tena kwa kujikamua mpaka natoka jasho, na mwishowe nikaanza kuona damu.

Hiyo damu ndio ilinipeleka hospitali, na hapa naomba mnisikize kabla sijaenda kwa mambo ya bidhaa yenyewe. Ukiona damu usikimbilie kununua kitu dukani. Nenda upimwe. Mimi nilipimwa ikapatikana ni bawasiri, ile mishipa ya njia ya choo ikivimba, lakini daktari aliniambia wazi kwamba damu ya bawasiri na damu ya ugonjwa mbaya wa utumbo mpana zinafanana ukiziangalia kwa macho, mtu hawezi kujitibu kwa kubahatisha. Alipomaliza ndio akaniambia nianze faiba, yaani zile nyuzi za mimea ambazo tumbo haliwezi kusaga, ile aina inayoyeyuka kwa maji, na akaniandikia kwa karatasi "isabgol". Mi nilidhani ni dawa ya kemisti kumbe ni kitu Wahindi wa hapa Nairobi wamekuwa wakitumia jikoni kwao miaka na mikaka.

Nilienda kuitafuta Ngara, kwa moja ya yale maduka ya viungo yenye magunia ya dengu na binzari mlangoni. Mwenye duka ni mama mzee, nikamwambia, "Mama, nataka isabgol." Akaniuliza, "Ya mtu mkubwa ama ya mtoto?" Nikamwambia ni yangu. Akachukua pakiti ya gramu 100, akaishika kwanza hakunipa, akaniuliza, "Wewe unakunywa maji?" Nikasema kidogo kidogo. Akatikisa kichwa. "Kidogo hapana. Weka kwa glasi kubwa, koroga, kunywa saa hiyo hiyo. Ukingoja itakuwa ugali. Halafu kunywa glasi ingine." Nililipa shilingi 400. Nimeshanunua vitu vingi vya afya kwa hii Nairobi na sijawahi kupata muuzaji ambaye anakataa kuachilia bidhaa mpaka ajue utaitumia aje. Kwa hiyo huduma peke yake ningerudi.

Sasa ni kitu gani hii. Ni maganda ya mbegu ndogo za mmea unaoitwa kwa jina la kisayansi Plantago ovata, na nyingi inalimwa India, majimbo ya Gujarat na Rajasthan. Kizungu wanaiita psyllium, kwa pakiti zingine utaona ispaghula, yote ni kitu kimoja, usidanganywe ununue mara mbili. Ukiiangalia ni kama pumba nyepesi za rangi ya maziwa yenye wekundu wa mbali, haina harufu ya maana, haina ladha. Ukiitia kwa maji inavimba na kutoa ute, kama umewahi kula mrenda unajua ute ninaosema, ama zile mbegu za kwenye faluda venye zinavaa koti la jeli. Huo ute ndio kazi yote. Tumbo la binadamu haliwezi kuusaga, na hata wale bakteria wa utumbo mpana hawaumalizi, kwa hivyo unashuka nao ukiwa umebeba maji mpaka mwisho wa safari. Choo iliyokuwa kavu inalainika. Na jambo ambalo lilinishangaza, mtu mwenye choo ya kuhara hara nayo inamsaidia, ju ule ute unafyonza maji yaliyozidi unaifanya ishikane. Ndio maana daktari wa tumbo anaweza kuwapa hiyo hiyo watu wawili wenye shida zinazopingana. Wale wenye tumbo la kusumbua sumbua miaka yote, leo limefunga kesho limefunguka na maumivu juu yake, chama cha madaktari wa tumbo cha Marekani katika mwongozo wake wa 2021 kinapendekeza faiba ya kuyeyuka kama hii, na kinasema ile isiyoyeyuka, kama pumba za ngano, hao haiwafai. Mimi nilikuwa nimekula pumba za ngano mwezi mzima kabla ya hapo na nilikuwa naumwa zaidi, sasa naelewa.

Lakini usitarajie muujiza wa usiku mmoja. Si kama zile chai za kusafisha tumbo ambazo unakunywa jioni asubuhi unakimbia. Isabgol inachukua kati ya masaa 12 na siku tatu hivi ndio uone kitu. Kwangu siku ya kwanza hakuna, ya pili hakuna, na hapo ndio nilifanya kosa ambalo naona karibu kila mtu analifanya, nikaongeza. Nikatia vijiko viwili vya supu vilivyojaa, glasi moja ndogo ya maji, nikalala. Siku mbili zilizofuata sitaki kuzikumbuka. Tumbo limejaa gesi mpaka blauzi inabana, maumivu ya kukata kata, na choo yenyewe ikakwama kabisa, nilihisi kama nimemeza simiti. Nilikuwa kazini nimeinama kwa kaunta wateja wananiuliza kama ni mgonjwa. Nilirudi kwa karatasi ya daktari nikasoma tena na nikaona alikuwa ameandika kijiko kimoja cha chai, mara moja kwa siku, wiki nzima, halafu uongeze polepole. Nilikuwa nimeruka hiyo sentensi.

Nikaanza upya. Wiki ya kwanza kijiko kimoja cha chai jioni. Wiki ya pili viwili, asubuhi kimoja jioni kimoja. Wiki ya tatu nikafika kijiko kimoja cha supu kilichosawazishwa asubuhi na kingine jioni, hiyo kwa maganda mazima ni karibu gramu 5 kila mara, na hicho ndio kipimo changu cha juu mpaka leo. Gesi ilikuwepo kidogo wiki mbili za mwanzo halafu ikaisha yenyewe. Siku ya kumi na moja niliamka nikaenda choo kama mtu wa kawaida, dakika tatu, bila kujikamua, na nitawaambia ukweli nililia. Mtu ambaye hajawahi kuteseka hivyo hawezi kuelewa. Mwezi wa pili damu ilikuwa imeisha, na nilirudi kwa daktari akathibitisha bawasiri zimetulia, akasema hiyo inajulikana, ukiacha kujikamua na choo ikiwa laini ile mishipa inapumzika na damu inapungua.

Nirudi kwa maji maana ndio moyo wa hii rivyu yote. Hii kitu inavuta maji. Kama haikupata kwa glasi yako itayatafuta ndani ya utumbo wako, na ndio maana mtu anaweza kuikunywa ili afunguke akazidi kufunga. Kiwango cha chini kinachoandikwa kwa pakiti nyingi ni mililita 240 kwa kila dozi, yaani glasi kubwa imejaa, na mimi naongeza nyingine juu yake kama mama wa Ngara alivyosema. Sasa tuseme ukweli kuhusu maji na hili jiji letu. Kwetu Umoja mfereji unatoka kwa zamu, siku zingine hakuna, maji ya kunywa unachemsha ama unanunua ya jeriken ya lita 20, na ukitoka nje choo ya kulipia ya mjini ni shilingi 10. Kwa mtu anayehesabu kila shilingi, kumwambia "kunywa lita mbili" si maneno ya bure, ina gharama. Wanawake wengi wanaofanya kazi za kukaa, na wanaume wa bodaboda na madereva pia, hawakunywi maji kwa sababu hawana mahali pa kuyatoa. Kwa hivyo ushauri wangu, kama maisha yako hayakuruhusu kunywa maji ya kutosha mchana, tumia isabgol jioni tu ukiwa umefika nyumbani, nusu ya dozi, na maji yako yote hapo, kuliko kuimeza asubuhi halafu ukae kavu mpaka usiku. Ila usiinywe ukiwa tayari kitandani, ipe nusu saa ama zaidi ukiwa umeketi ama umesimama.

Kazini nilipoanza kusema inanisaidia, mwenzangu mmoja wa stoo akanunua yake. Asubuhi moja akiwa kwa matatu akamimina kijiko mdomoni ikiwa kavu akashushia na maji ya chupa iliyobakia tone. Ilivimba kwa koo. Alituambia alihisi kifua kimefungwa kama amemeza kiazi kizima, anajaribu kumeza mate haendi, watu wa matatu wakampiga mgongo mpaka ikatoka kwa kutapika. Hilo si jambo dogo na wala si yeye peke yake duniani, Marekani mamlaka yao ya chakula na dawa inalazimisha bidhaa za aina hii ziwe na onyo la kukabwa koo kwenye lebo. Sasa angalia pakiti nyingi zinazouzwa hapa zimefungwa upya na wauzaji wa reja reja kwa mfuko wa plastiki bila neno lolote. Hiyo inaniuma sana. Mtu anauziwa kitu kinachovimba na hakuna mahali pameandikwa kwamba lazima uikoroge kwanza kwa maji. Kama una shida ya kumeza chakula, umewahi kupata kiharusi, au una mzazi mzee ambaye anakabwa kabwa hata na ugali, usimpe hii kitu bila kuongea na daktari. Tafadhali.

Jambo la pili ambalo ningependa nilijue mapema ni la dawa zingine. Mama yangu tunaishi naye, alitolewa tezi ya shingo miaka kadhaa iliyopita na kila asubuhi anameza kidonge cha kurudisha ile homoni. Alipoona nimepona akasema naye anataka, na mimi kwa furaha nikawa namkorogea glasi yake asubuhi pamoja na yangu, anameza kidonge anashushia na isabgol. Wiki chache baadaye akaanza kuwa mzito, anasikia baridi wakati sisi tunaona joto, analala mchana. Kliniki walipopima damu kiwango cha homoni kilikuwa kimeharibika na daktari akamuuliza, "Mama, umebadilisha nini?" Nikajua. Daktari alitueleza kwamba ute wa faiba unaweza kuzuia dawa isifyonzwe vizuri, inapita nayo tu. Kwa dawa nyingi wanasema uache masaa mawili kabla ama baada, kwa hiyo ya tezi yeye alituambia manne. Siku hizi mama anameza kidonge saa kumi na mbili asubuhi, isabgol yake ni saa kumi na moja jioni, na vipimo vimerudi sawa. Kwa hivyo kama unameza dawa ya moyo, ya kifafa, ya akili, madini ya chuma, dawa yoyote ya kila siku, mwambie mfamasia wako. Na mwenye kisukari anayetumia dawa ama sindano asichukulie hii kama kitu cha mchezo, ju isabgol inachelewesha sukari ya chakula kuingia kwa damu, ni jambo zuri, lakini ukijumlisha na dawa zako sukari inaweza kushuka kuliko ulivyopanga, upime mara nyingi mwanzoni na umjulishe daktari.

Kuhusu kolesteroli, hii si porojo ya wauzaji. Ini linatengeneza nyongo kwa kutumia kolesteroli, nyongo inamwagwa kwa utumbo kusaidia kusaga mafuta, halafu mwili kwa kawaida unaikusanya na kuirudisha. Ule ute unashika sehemu ya nyongo unatoka nayo. Sasa ini linabaki na upungufu na inabidi lichote kolesteroli kwa damu litengeneze nyongo mpya. Kwa njia hiyo ile kolesteroli mbaya inashuka, kwa watu wengi ni kama asilimia 5 hadi 10, na Marekani tangu 1998 wameruhusu bidhaa za psyllium kuandika kwamba gramu 7 za faiba ya kuyeyuka kwa siku, ambayo ni karibu gramu 10 za maganda, pamoja na chakula chenye mafuta mabaya kidogo, zinaweza kupunguza hatari ya ugonjwa wa moyo. Yangu ilikuwa 4.1 kabla, baada ya miezi mitatu ikawa 3.7. Lakini nimeacha pia chipsi za kila Ijumaa, kwa hivyo siwezi kusema yote ni isabgol. Na kama daktari amekuandikia vidonge vya kolesteroli usiviache kwa sababu ya hii rivyu, hivyo vina nguvu zaidi sana.

Nimejaribu aina zingine na maoni yangu ni haya. Maganda mazima ya duka la viungo ndio namba moja kwangu, bei nafuu, hakuna kilichoongezwa, na unaweza kuona kwa macho kama ni safi. Mazuri ni meupe meupe, hayana vumbi vumbi chini ya pakiti wala vipande vya kahawia, na ukikoroga kijiko kwa glasi dakika chache baadaye lazima iwe jeli, kama bado ni maji matupu umeuziwa kitu kingine. Ile ya unga laini ya kopo nilinunua kemisti kwa karibu shilingi 1,500, inafanya kazi lakini inashikana mabonge haraka sana na kijiko chake kina uzito zaidi ya kijiko cha maganda, kwa hivyo ukibadilisha kutoka moja kwenda nyingine usitumie kipimo kile kile. Vile vipakiti vya ladha ya chungwa ni vitamu na ni rahisi kubeba kazini, wasiopenda ute wataipenda, ila unalipia utamu, na mwenye kisukari asome kama kimetiwa sukari. Vidonge vya kapsuli siwezi kuvipendekeza. Kapsuli moja niliyopata ilikuwa na nusu gramu, ili ufikishe gramu 5 unahitaji kumeza kumi, kila siku, na bado lazima maji yale yale. Pesa nyingi kwa kitu kidogo.

Kuna na ile inaitwa inulini, mara nyingi inatoka kwa mizizi ya chikori, ni unga mweupe wenye utamu wa mbali unayeyuka kwa chai huuoni. Nayo ni faiba ya kuyeyuka lakini haifanyi jeli, bakteria wa tumbo wanaila yote kwa haraka, na hapo ndio gesi inatoka. Wao bakteria inawafaa, lakini kwangu ilinipa tumbo la kunguruma siku nne mfululizo nikampa jirani, naye akasema yuko sawa nayo. Matumbo hayafanani.

Bidhaa ambayo naichukia ni ile michanganyiko inayouzwa kwa simu na kwa mitandao, imeandikwa inasafisha tumbo, inatoa sumu, inakupunguza kilo kumi. Niliona moja ina isabgol kidogo na majani ya sena mengi. Sena inafanya utumbo ujikaze kwa nguvu, mtu anaharisha, anapanda mizani anaona amepungua na ni maji tu ametoa. Isabgol haifanyi hivyo na haijanipunguza mwili wa maana, inashibisha kidogo ukiikunywa kabla ya kula, basi. Muuzaji akikuambia itayeyusha kitambi, mwache na pakiti yake. Angalia pia alama ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, na tarehe ya kuisha, na ukiona pakiti haina jina la aliyefunga wala alipo, rudisha.

Wachache wana mzio nayo. Si wengi, lakini ikitokea ni hatari, kuna wauguzi ng'ambo ambao walikuwa wanakorogea wagonjwa huu unga kila siku, wakawa wanavuta vumbi lake, na wengine wakapata pumu na hata mzio mkali wa kufunga pumzi. Kwa hivyo usipulize pulize wala usimimine ukiwa umeinamia, na ukiona midomo inavimba, vipele, ama pumzi inabana, acha mara moja na ukimbie hospitali. Vile vile kama tumbo linauma ghafla, unatapika, umevimba na hata hewa haitoki, hiyo si choo ngumu ya kawaida, utumbo unaweza kuwa umeziba na ukiongeza kitu kinachovimba unajiua. Wajawazito, najua vidonge vya chuma vinawafunga sana, na isabgol haiingii kwa damu ndio maana wengi wanashauriwa waitumie, lakini ulizia kliniki yako kwanza.

Mwisho kuna swali dada yangu aliniuliza, kwa nini tununue faiba kwa pakiti na sisi ni watu wa githeri? Lilinikaa kichwani sana. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima apate angalau gramu 25 za faiba kwa siku, na kikombe kimoja cha maharagwe yaliyopikwa kinaweza kukupa zaidi ya gramu 10, parachichi moja kubwa nalo karibu hapo. Na hii habari ya faiba duniani sehemu kubwa ilianzia huku kwetu. Kulikuwa na daktari wa upasuaji kutoka Ireland, Denis Burkitt, alifanya kazi miaka mingi hospitali ya Mulago, Kampala, akagundua magonjwa ya tumbo yaliyojaa kwao Uingereza hayaonekani sana kwa wanakijiji wa Uganda. Baadaye yeye na wenzake walipima choo za watu, uzito wake na muda chakula kinachukua kupita, na 1972 wakatoa matokeo kwamba wanakijiji walikuwa wanapata choo kubwa mara kadhaa kuliko Waingereza na kwa muda mfupi zaidi. Mwenzake Hugh Trowell, aliyekuwa daktari Kenya kisha Uganda, ndiye aliyesaidia kueleza faiba ni nini. Yaani walijifunza kwa sahani za babu zetu, na sisi wajukuu tukahamia mjini tukaziacha, unga tukaukoboa mpaka ukawa mweupe kama chaki.

Kwa hivyo nilibadilisha na chakula. Unga nasagisha posho mill bila kukoboa, maharagwe nachemsha mengi Jumapili nagawa kwa vikopo, na ukwaju ama pera la mama mboga limechukua mahali pa mandazi ya saa nne. Mama naye ameanzisha mrenda kwa makopo ya rangi pale kwa varanda. Siku nimekula hivyo vizuri nakunywa isabgol mara moja tu, jioni. Siku ambazo mwisho wa mwezi umefika na tunahesabu stoo mpaka usiku na chakula ni chapo ya kibanda, narudi kwa mbili.

Chupa ya lita moja iko kwa kaunta yangu kila siku sasa. Nilimwomba bosi wangu mtu wa kunishikia kaunta saa nne na saa tisa, dakika kumi kumi, nikamweleza sababu waziwazi, na alikubali bila maneno. Tangu hapo wasichana wawili wa kaunta zingine wameomba pia na wamepewa. Jumamosi iliyopita nilirudi Ngara kuchukua pakiti nyingine, imepanda ni 450, na yule mama kabla hajanipa akaniuliza tena, "Maji unakunywa?" Nikamwonyesha chupa.